Kuhama VMware bila kusimamisha ofisi: kuhamisha mashine pepe hatua kwa hatua

Ofisi nyingi za uwakala wa forodha hapa Mombasa, kuanzia Shimanzi hadi Moi Avenue, zina chumba kimoja chenye kiyoyozi kinachodondosha maji, na ndani yake seva moja iliyonunuliwa miaka saba au minane iliyopita. Ndani ya seva hiyo mna mashine pepe (kompyuta zilizoundwa kwa programu tu) nne au tano: moja ya uhasibu, moja ya mafaili, moja ya watumiaji na nywila zao, na mbili ambazo hakuna anayekumbuka kazi yake. Zote zinaendeshwa na ESXi, programu ya kampuni ya VMware, iliyowekwa na fundi ambaye siku hizi yuko Doha na simu yake hapokei.

Kwa miaka hakuna aliyeigusa kwa sababu haikumsumbua mtu. Mambo yaligeuka Broadcom ilipokamilisha kuinunua VMware tarehe 22 Novemba 2023. Mwezi uliofuata leseni za kudumu zikaacha kuuzwa, na kuanzia hapo ukitaka programu hiyo unalipia kila muhula, kwa hesabu ya koa (cores) za prosesa. Februari 2024 hata ESXi ya bure ikaondolewa. Ilirudishwa Aprili 2025, lakini wengi walikuwa washafunga virago. Na walioganda kwenye vSphere 7, furushi la VMware lenye ESXi ya toleo hilo, wakakuta msaada wake umekoma tarehe 2 Oktoba 2025, maana yake hakuna tena marekebisho ya usalama ya kawaida.

Hapo ndipo simu zinapoanza: tuhamie wapi, na tutahamaje bila kufunga ofisi?

Mwongozo huu ni njia ninayoifuata mimi: kutoka ESXi kwenda Proxmox, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, hapo hapo ofisini kwanza, kisha zile mashine chache zinazostahili kwenda kwenye wingu (seva za kukodi kupitia intaneti) ndizo ziende. Jambo moja nataka ulijue kabla hujagusa kitu. Kunakili diski ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Kinachowaangusha watu ni draiva (programu zinazouwezesha mfumo kutumia kifaa), majina ya kadi za mtandao, na vitu vidogo vinavyotegemeana ambavyo hakuna aliyeviandika popote. Ndiyo maana karibu nusu ya hatua hizi huja kabla ya baiti hata moja kuondoka ilipo.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno

Haipavaiza ni programu inayoigawa seva moja ya chuma ili mifumo kadhaa iishi ndani yake, kila mmoja ukidhani una kompyuta yake peke yake. ESXi ni mojawapo. KVM ni nyingine, na imo ndani ya kerneli, yaani kiini, ya Linux tangu 2007. Proxmox, inayotengenezwa Vienna huko Austria na iliyotoka mara ya kwanza 2008, ni Debian (aina mojawapo ya Linux) pamoja na KVM na ukurasa mzuri wa kuiongozea kwenye kivinjari. Microsoft wana Hyper-V. Amazon walianza huduma yao ya EC2 mwaka 2006 juu ya Xen, haipavaiza nyingine, halafu kuanzia 2017 wakaleta mfumo wao wa Nitro uliojengwa juu ya KVM.

Mashine pepe yenyewe, ukiivua mapambo yote, ni vitu viwili: faili kubwa la diski, na maelezo mafupi yanayosema ram ni kiasi gani, prosesa ngapi, kadi gani ya mtandao. VMware huliita faili lake VMDK, KVM hupenda qcow2 au faili ghafi, Microsoft hutumia VHD na VHDX. Kuhama ni kugeuza faili kutoka aina moja kwenda nyingine, kisha kuushawishi mfumo ulio ndani ukubali kuamka kwenye nyumba ya watu wengine.

Hatua ya 1: Daftari

Chukua karatasi, au lahajedwali ukipenda, na kwa kila mashine uandike: mfumo ulio ndani na toleo lake, ram na prosesa, ukubwa wa diski na kiasi kilichotumika kweli, kama inawaka kwa BIOS au kwa UEFI (programu ndogo zinazoiamsha kompyuta, ya zamani na mpya), anwani ya IP, anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao), na ni nani huzungumza nayo. Hilo la BIOS na UEFI usilipuuze. Mashine iliyozaliwa kwa UEFI ukiiwasha kwa BIOS haitakwambia tatizo ni nini. Itakaa kimya na skrini nyeusi mpaka uanze kushuku diski imeharibika.

Jina la mashine lisikudanganye. Ofisi moja niliyowahi kuihudumia ilikuwa na mashine iitwayo "test2". Kila mtu aliniapia kwamba ni takataka ya zamani. Niliizima Jumatatu asubuhi kujaribu, na dakika kumi baadaye printa zote za ghorofa ya pili zilikuwa hazichapi. Tangu siku hiyo, mashine nisiyoijua naikata mtandao kwa wiki nzima kabla ya kuamua lolote. Kuikata mtandao ni bora kuliko kuizima, kwa kuwa ukikosea unairudisha kwa kubofya mara moja.

Andika pia leseni. Kuna programu za uhasibu zilizofungwa kwa anwani ya MAC. Kwenye Proxmox unaweza kuiandika MAC ya zamani kwa mkono na programu isigundue kitu, lakini kwenye wingu la Amazon MAC unapangiwa, huchagui. Kuna zinazotaka kijiti cha USB kichomekwe: Proxmox itakipitisha hadi ndani ya mashine, kwenye wingu hakuna pa kukichomeka. Na Windows Server iliyokuja pamoja na seva yako kwa leseni ya OEM imefungamana na chuma kile kile. Kuipeleka kwenye wingu na leseni hiyo hairuhusiwi, hata kama itawaka.

Hatua ya 2: Amua nani anakwenda wapi

Wenye ofisi wengi wakisikia "wingu" hutaka kila kitu kipande huko. Mimi huwauliza maswali mawili. Intaneti ikikatika saa nne asubuhi, nani atashindwa kufanya kazi? Na bili ikija kwa dola, nani ataisaini?

Maeneo ya wingu yaliyo karibu nasi zaidi kati ya yale makubwa yako Afrika Kusini. Amazon walifungua Cape Town Aprili 2020, Microsoft walifungua Johannesburg 2019, na Google wakaingia Johannesburg Januari 2024. Kebo za kutufikisha huko zinapita hapa hapa kwetu: SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010. Ni kichekesho kidogo kwamba mji unaoilisha Kenya nzima intaneti una ofisi zinazohangaika na megabiti ishirini. Lakini kebo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika pamoja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kuvuta kwa kamba. Ofisi iliyokuwa na mafaili yake yote Cape Town siku hiyo ilikunywa chai nyingi.

Kanuni yangu ni hii. Mafaili makubwa yanayofunguliwa siku nzima, skani za hati za meli na hati za malipo ya ushuru, yabaki ofisini. Kinachofikiwa na watu walio nje, kama tovuti ya wateja kufuatilia mizigo yao, kiende kwenye wingu. Bakapu ziwe pande zote mbili.

Ikiwa mashine ina data za watu, majina ya wateja, namba za vitambulisho, mishahara, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Haikukatazi kuhamisha data binafsi nje ya nchi, lakini inaweka masharti, na mojawapo ni kuonyesha kwamba huko zinakokwenda zitalindwa ipasavyo. Mkabidhi mwanasheria wa ofisi swali hilo mapema, si usiku wa kuhama.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya muda

Chukua gigabaiti za kuhamisha, zidisha kwa 8,000 upate megabiti, gawanya kwa kasi ya kupakia, upate sekunde. Mashine ya gigabaiti 400 kwa laini inayopakia megabiti 20 kwa sekunde itachukua sekunde 160,000, yaani saa 44 na ushee, na hapo ni kama laini haikuyumba hata kidogo. Mashine hiyo hiyo ikihama kutoka seva moja hadi nyingine ndani ya chumba kimoja, kwa swichi ya gigabiti moja, itachukua kama saa moja.

Tazama kasi ya kupakia, si ya kupakua. Matangazo ya kampuni za intaneti husema ile ya kupakua.

Hesabu ikikutisha, punguza mzigo kwanza. Futa bakapu za zamani zilizosahaulika ndani ya mashine yenyewe. Kwenye Linux endesha `fstrim -av`, inayoachilia nafasi iliyo tupu. Kwenye Windows watu hutumia sdelete kuijaza nafasi tupu kwa sifuri ili faili libanike vizuri, ila kuwa macho: diski ya VMware iliyowekwa ikue kidogo kidogo itavimba hadi ukubwa wake wote ukifanya hivyo, na ukikosa nafasi kwenye hifadhi mashine zilizomo zinaweza kusimama.

Hatua ya 4: Andaa mashine ingali hai

Hapa ndipo ushindi ulipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Anza na snapshoti, zile picha za hali ya mashine zilizopigwa ili uweze kurudi nyuma. Ziondoe zote kupitia ESXi yenyewe na usubiri zimalizike kuunganishwa. Ukiona kwenye folda faili lenye jina kama `akaunti-000001.vmdk`, bado kuna snapshoti. Ukinakili diski ya msingi peke yake utapata mashine ya siku ile snapshoti ilipopigwa, pengine miaka miwili nyuma, nayo itawaka vizuri kabisa bila kulalamika. Mhasibu ndiye atakayegundua.

Kwenye Windows, ondoa VMware Tools (programu saidizi za VMware zilizo ndani ya mashine) sasa, ukiwa bado ndani ya VMware. Ukishahama kiondoaji chake hukataa kufanya kazi kwa kuwa hakioni tena VMware, na utabaki unakwangua rejista kwa mkono. Kabla hujaiondoa nakili mipangilio ya IP mahali, na hakikisha unayo nywila ya msimamizi wa ndani ya mashine hiyo, si ya domeni, ule mfumo mmoja wa akaunti za ofisi nzima. Mashine ikiamka bila mtandao haitaifikia domeni, na wewe utasimama mlangoni bila ufunguo. Kama BitLocker, ule usimbaji wa diski wa Windows, inatumika, isimamishe na uchapishe ufunguo wake wa kuokolea.

Sakinisha pia draiva za virtio kutoka faili la ISO la virtio-win. Hizi ndizo zinazoiwezesha Windows kuiona diski na kadi ya mtandao ya KVM. Bila draiva ya diski, Windows ikianza kuwaka inafika katikati kisha inakuonyesha skrini ya samawati yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kusakinisha mapema kunasaidia ila hakutoshi, kwa sababu Windows haiipakii draiva ya diski mwanzoni kabisa mpaka iwe imewahi kukiona kifaa chenyewe. Dawa yake iko kwenye hatua ya 6.

Kwenye Linux shida huwa mbili. Ya kwanza ni initramfs, ule mfuko mdogo wa draiva unaofunguliwa kabla diski haijaonekana. Familia ya Red Hat huufunga kwa draiva za nyumba ya sasa tu. Ujaze upya kabla ya kuhama:

`dracut --regenerate-all --force --no-hostonly`

Debian na Ubuntu kwa kawaida hubeba draiva nyingi tangu mwanzo, hawasumbui.

Ya pili ni majina. Kadi iliyoitwa `ens192` ndani ya VMware mara nyingi huamka Proxmox ikiitwa `ens18`, na faili la mipangilio lililoandikwa kwa jina la zamani halitaitambua. Mashine iko hai, haina mtandao. Vivyo hivyo diski: `/dev/sda` inaweza kuwa `/dev/vda`, na kwenye mashine za kisasa za Amazon ikawa `/dev/nvme0n1`. Fungua `/etc/fstab` na uhakikishe kila mstari unatumia UUID, namba ya utambulisho isiyobadilika, si jina la kifaa.

Hatua ya 5: Bakapu, na uirudishe

Piga bakapu kamili kwenye diski ya nje. Kisha irudishe mahali pengine na uiwashe. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa mimi siihesabu.

Hatua ya 6: Hama kutoka ESXi hadi Proxmox

Tangu toleo la 8.2 la Aprili 2024, Proxmox ina njia yake ya kuvuta mashine moja kwa moja kutoka ESXi. Nenda Datacenter, kisha Storage, kisha Add, kisha ESXi. Weka anwani ya seva ya zamani na nywila yake. Orodha ya mashine itatokea upande wa kushoto. Zima mashine unayotaka kuihamisha, ichague, bofya Import, pitia ram, diski na kadi ya mtandao, anza.

Kuna kisanduku kinachoitwa Live Import, kinachoiwasha mashine upande wa pili huku data ikiendelea kuvutwa. Kinavutia ukiwa na haraka. Mimi sikitumii kwa mashine ya uhasibu: uvutaji ukikatika katikati, kila kilichoandikwa tangu mashine iwake kinapotea. Na Mombasa ya Februari, viyoyozi vyote vya mtaa vikiwa vimewashwa, stima si kitu cha kuwekea rehani hesabu za watu.

Kama ESXi yenyewe haifikiki vizuri, fanya kwa mkono. Kwenye hifadhi ya ESXi utaona mafaili mawili kwa kila diski: `akaunti.vmdk`, dogo kabisa, na `akaunti-flat.vmdk`, lenye uzito wote. Yachukue yote mawili na uyaweke folda moja, maana lile dogo ndilo linaloonyesha lile kubwa. Tengeneza mashine tupu Proxmox, tuseme namba 105, kisha:

`qm importdisk 105 akaunti.vmdk local-lvm`

Diski itaonekana kwenye mashine hiyo kama Unused Disk, ibofye uiunganishe. Ukitaka faili la qcow2 tu bila Proxmox:

`qemu-img convert -p -f vmdk -O qcow2 akaunti.vmdk akaunti.qcow2`

Sasa ile dawa ya Windows niliyoahidi. Usiiunganishe diski yake kwa virtio mara ya kwanza. Iunganishe kama SATA, ambayo Windows inaijua. Kisha ongeza diski ndogo ya pili, gigabaiti moja yatosha, kwenye kidhibiti cha VirtIO SCSI. Washa. Windows itawaka kwa SATA, itakiona kidhibiti kipya pembeni, na draiva itakaa mahali pake. Zima, itupe ile diski ndogo, itenganishe diski kuu kutoka SATA na uiunganishe upya kama SCSI. Halafu nenda Options, Boot Order, uiweke tiki tena, kwa sababu ukiitenganisha diski hupoteza nafasi yake kwenye foleni. Nimewahi kupoteza dakika arobaini nikitafuta ugonjwa mkubwa, kumbe ni tiki hiyo.

Mambo mawili zaidi ya Windows. Diski ya pili, ile D yenye data, mara nyingi huamka ikiwa Offline. Fungua Disk Management, ibofye, chagua Online, haijapotea. Na ukijaribu kuiandikia kadi mpya anwani ya IP ya zamani, Windows itasema anwani hiyo ina kadi nyingine. Kadi hiyo ni mzuka wa VMware. Kwenye Device Manager chagua kuonyesha vifaa vilivyofichwa, uifute.

Kwa mashine inayosimamia domeni, mimi siihamishi kabisa. Natengeneza Windows Server mpya Proxmox, naiingiza kwenye domeni, nasubiri zisawazishane, nahamisha majukumu, kisha naistaafisha ile ya zamani. Ni kazi ya mchana kutwa, lakini hakuna anayejua kama kuna kitu kimehama.

Hatua ya 7: Kwa zile zinazokwenda kwenye wingu

Kwanza jiulize kama unahitaji kuhamisha mashine au yaliyomo tu. Tovuti na hifadhidata kwenye Linux, mara nyingi ni afadhali kufungua mashine mpya kule, ukapeleka hifadhidata kwa `pg_dump` au `mysqldump` na mafaili kwa `rsync`. Unaacha nyuma miaka minane ya vumbi. Mashine nzima ihamishe pale tu ambapo hakuna anayejua namna ya kuisakinisha upya programu iliyomo.

Ikibidi, kwa Amazon mwendo ni huu. Eneo la Cape Town, `af-south-1`, huja limefungwa kwenye akaunti, lifungue kwanza. Toa mashine kama OVA, ambayo kumbe ni mafaili yaliyofungwa kwa tar tu, au chukua VMDK yake. Ndani ya mashine acha kadi moja ya mtandao na uiweke ipokee anwani yenyewe kwa DHCP. Pakia faili kwenye hifadhi ya S3 iliyo eneo hilo hilo, tengeneza wadhifa (role) uitwao `vmimport` wenye ruhusa ya kusoma hapo, kisha:

`aws ec2 import-image --region af-south-1 --disk-containers file://diski.json`

Fuatilia kwa `aws ec2 describe-import-image-tasks`. Likikataa, ujumbe wake huwa wazi kiasi: toleo la kerneli halikubaliki, au mpangilio wa diski. Azure, wingu la Microsoft, nao wanataka VHD ya ukubwa usiobadilika, na ukubwa huo ugawanyike kwa megabaiti kamili. Wengi huipeleka VHDX yao ya Hyper-V kama ilivyo na kushangaa inarudishwa.

Kuna kitu wauzaji hawakielezi siku ya kusaini. Mlango wa kuingilia ni mpana kuliko wa kutokea. Mashine ya Windows uliyoifungua kwa leseni ya Amazon, au uliyoichukua kwenye soko lao, haitoki kama picha ya diski. Utalazimika kutoa data na kujenga upya. Na data ikitoka hulipiwa kwa gigabaiti ukishapita kiwango cha bure, ambacho kwa Amazon ni gigabaiti 100 kwa mwezi. Nafuu ilikuja 2024: Google mwezi Januari, kisha Amazon na Microsoft mwezi Machi, walitangaza kwamba mteja anayeondoka jumla hatatozwa kwa kuchukua data zake, ila lazima aombe kwanza. Kwa hiyo ukiwa unahama kutoka wingu moja kwenda jingine, andika ombi hilo kabla ya kuanza kunakili.

Hatua ya 8: Usiku wenyewe

Chagua siku kwa kalenda ya ofisi. Epuka tarehe 9, siku ya PAYE, na tarehe 20, siku ya VAT, pamoja na siku mbili kabla ya kila moja. Ijumaa iache. Jumamosi usiku baada ya Isha ndiyo yangu: Jumapili yote iko mbele yako kurekebisha.

Siku moja kabla, shusha TTL (sekunde ambazo jibu hukumbukwa) ya rekodi za DNS (zinazounganisha jina na anwani) hadi 300, ili ukibadilisha anwani watu waione ndani ya dakika tano. Kama mafaili ni mengi, yanakili wiki nzima kidogo kidogo, na usiku huo upeleke mabadiliko ya mwisho tu. Angalia dizeli ya jenereta, na betri za UPS ziwe zimejaribiwa kwa kuchomoa plagi kweli, siyo kwa kutazama taa ya kijani.

Hama mashine moja, ipime, ndipo uguse ya pili. Jiwekee saa ya kukata tamaa: ikifika saa tisa usiku na uhasibu haujawaka, unaiwasha ya zamani, unalala, unajaribu wiki ijayo.

Hatua ya 9: Pima kwa watu

Ping ikijibu haimaanishi kitu. Mhasibu aingie, afungue ankara ya jana, atoe mpya, iende eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, na irudi. Karani achape. Mtu wa Kilindini aingie kwa simu yake akiwa getini. Bakapu ya kwanza ya nyumba mpya iendeshwe usiku huo huo.

Angalia saa. VMware Tools ndiyo huenda ilikuwa ikisahihisha saa za mashine, na sasa haipo; weka NTP, inayosawazisha saa kupitia mtandao. Mashine mpya za wingu nazo hupenda saa za UTC, kwa hiyo ankara zitaonekana zimetolewa saa tatu mapema kuliko ukweli. Tofauti ya saa sita kati ya saa zetu na za Kizungu tumeizoea, hii ya saa tatu itamchanganya kila mtu. Kwenye Linux:

`timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`

Hatua ya 10: Seva ya zamani

Usifute kitu kwa siku thelathini. Lakini kuzima mashine za zamani hakutoshi, na hili nililijifunza kwa aibu. Nilihamisha ofisi moja salama salimini, nikazizima zote kwenye ESXi, nikaondoka nikijipongeza. Jumatano stima ilikatika mtaa mzima. Iliporudi, seva ya zamani ikawaka, na kwa kuwa mpangilio wake wa kujiwasha ulikuwa haujaguswa, ikaziwasha mashine zake zote. Mtandao ukawa na seva mbili za mafaili zenye anwani moja. Nusu ya wafanyakazi wakawa wanaandika kwenye mpya, nusu kwenye ya zamani, kulingana na nani alijibiwa kwanza. Yule bibi wa uhasibu akanipigia: "Mwanangu, faili nililoliweka asubuhi silioni, na la juzi nalo limerudi lilivyokuwa." Tulichukua siku mbili kulinganisha faili moja moja.

Kwa hiyo: ingia ESXi, Manage, System, Autostart, uzime. Kwenye kila mashine ondoa tiki ya kuunganisha kadi ya mtandao inapowaka. Kisha chomoa waya wa mtandao nyuma ya seva, acha ule wa kukuingiza wewe tu, na ubandike karatasi yenye tarehe ya leo na tarehe ya kufuta.

Siku thelathini zikitimia, futa diski kwa kuziandika upya kabla hazijafika kwa muuza vyuma chakavu, kwani mna miaka minane ya hati za wateja humo. Ukiifungua seva utakuta chumvi ya bahari imetanda kwenye mapezi ya kupoza prosesa. Ram zake zichunguze. Zikiwa za aina moja na za seva mpya, zipanguse uzitumie.